Ushaambiwa una mayositisi? Mwongozo kamili wa kutafuta kansa iliyojificha, hatua kwa hatua

Naandika hii kwa sababu watu wanakwama pale pale kila mara. Mtu anaishiwa nguvu mapajani na mabegani, anazunguka mahospitali, mwishowe anaambiwa ni mayositisi yaani misuli imeshika uvimbe wa ndani kwa ndani, anapewa prednisoloni ambayo ni dawa ya steroidi, nguvu zinarudi, anaanza kupanda ngazi mwenyewe, basi faili linaingia kabatini na maisha yanaendelea. Hakuna aliyemkalisha akamwambia kwamba kwa mtu mzima ugonjwa huu, haswa ule wa kuja na upele ambao waitwa dermatomayositisi, saa zingine unafuatana na kansa ambayo bado haijajionyesha.

Wa pili ni yule aliyeambiwa, akashtuka, akaenda kulipia ile paketi ya chekapu ya mwili mzima, majibu yakatoka safi, akashukuru Mungu na hakurudi tena. Huyu naye hajamaliza kazi, ameianza tu.

Kabla hujaingiwa na hofu, jua hivi. Watu wengi wenye mayositisi hawana kansa na hawataipata. Lakini hatari ipo juu kuliko ya jirani yako. Utafiti mkubwa wa Sweden, Denmark na Finland uliotoka 2001 ulikuta wenye dermatomayositisi wanapata kansa karibu mara 3 ya watu wa kawaida, na wenye polimayositisi, ile isiyo na upele, ni kama mara 1.3 hivi. Na hatari yenyewe haijasambaa sawasawa, imejaa kwenye mwaka wa kwanza na inaenda ikipungua, ile miaka 3 kabla na miaka 3 baada ya ugonjwa kuanza ndiyo ya kuangaliwa kwa makini. Ndiyo maana mwongozo huu una kalenda ndani yake.

Ni wa watu wazima. Watoto nao wanapata dermatomayositisi lakini kwao kansa ni nadra mno, wasisumbuliwe na skani zisizo na sababu. Na kuna aina moja ya wazee, ya kuishiwa nguvu vidole na mapaja polepole kwa miaka, yaitwa inklushoni bodi, hiyo pia haimo humu.

Kitu cha dharura kwanza: ukiwa wapaliwa na chakula au maji, maji yatokea puani ukinywa, sauti imegeuka ya puani, au pumzi inakata ukilala chali, wacha kusoma, nenda imajensi leo. Misuli ya kumeza na ya kupumua ikishikwa hakuna kungoja kliniki ya wiki ijayo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Faili moja ngumu ya plastiki. Majibu yote yanaingia humo, ya zamani na mapya, hata ile karatasi ya maabara ya mtaani.
- Daftari dogo. Ukurasa wa kwanza: tarehe upele ulipoanza, tarehe nguvu zilipoanza kupungua, uzito wako wa sasa.
- Picha za upele kwenye simu, zilizopigwa mchana karibu na dirisha, bila filta jamani.
- Dawa zote unazomeza uziweke kwenye mfuko uende nazo. Na za kienyeji pia, na krimu za uso, na mkorogo kama unatumia. Daktari hakuhukumu, anataka kujua.
- Kitambulisho na usajili ulio hai wa SHA, ile bima ya afya ya serikali hapa Kenya. Kama hujajisajili au michango imekatika, rekebisha hilo kabla ya yote, sababu huko mbele kuna CT skani na si pesa ya mbao mbili tatu.
- Mtu wa kufuatana naye. Mwenye masikio, si wa kukaa na simu kwenye benchi.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni mayositisi kweli, na ni aina gani

Wengi wanaruka hapa ndiyo sababu naikalia kidogo. Usipojua aina hutaweza kujua hatari yako, na usipojua hatari yako utapimwa kidogo mno au utapimwa ovyo.

Udhaifu wa mayositisi unashika misuli ya karibu na kiwiliwili, pande zote mbili. Vidole vinafanya kazi, unaandika, unafunga vifungo, lakini kuinuka kwenye sijda lazima ushike kitu, ngazi za nyumba za Mji wa Kale zimekuwa mlima, kupandisha mguu kwenye matatu mpaka kondakta akuvute mkono, kuchana nywele au kufunga kilemba mikono inachoka katikati. Maumivu yanaweza kuwepo au yasiwepo. Mtu akiniambia shida yake ni maumivu tu lakini nguvu anazo zote, kwangu mimi hiyo yataka kuangaliwa upya.

Sasa upele. Ukitafuta picha mtandaoni utaona wekundu na zambarau kwenye ngozi nyeupe, halafu utajiangalia kwenye kioo useme mimi sina hiyo. Kwenye ngozi yetu nyeusi unaonekana kama weusi uliokoza au zambarau ya kuiva, saa zingine kahawia tu, na watu wanauita mzio au jua au wanalaumu krimu. Pa kuangalia ni hapa:

- kope za juu, zimekuwa nyeusi au zimevimba;
- vifundo vya vidole, vipele vilivyoinuka juu ya kila kifundo;
- kifuani pale shingo ya nguo inapoacha wazi, na mgongoni juu ya mabega;
- ubavuni mwa mapaja;
- kingo za kucha, ngozi imechakaa na vimishipa vidogo vyaonekana;
- kichwani, muwasho wa kukukosesha usingizi.

Hapa nna ombi kwa kina mama na kina dada. Ukienda kliniki usiende na hina wala piko mbichi mikononi, na kucha usipake rangi. Vifundo na kingo za kucha ndipo ushahidi ulipo na piko inafunika kila kitu. Kama kuna harusi wiki hiyo, piga picha za mikono kwanza ndipo upakwe. Na omba ukaguliwe na buibui limevuliwa, kama wataka daktari wa kike sema mapema ukiwa mapokezi, si aibu, kuliko kuonyesha uso na viganja tu halafu upele wa kifua na mapaja ukapita bila kuonekana.

Damu: kipimo kikuu ni CK, kimeng'enya kinachovuja misuli ikiumia. Na hapa kuna mtego ambao umeshika wengi. AST na ALT, vimeng'enya vinavyopimwa kwa ajili ya ini, zinapanda pia kwenye mayositisi kwa sababu misuli nayo inazo, kisha mtu anaambiwa ana ugonjwa wa ini na anaanza kutibiwa ini wakati ini halina neno. Kama AST na ALT ziko juu na mwili hauna nguvu, omba CK na GGT. GGT haitoki kwenye misuli, kwa hivyo ikiwa sawa na CK iko juu, angalia misuli kwanza.

CK pia inapandishwa na mambo mengine: mazoezi makali, sindano ya makalioni juzi, dawa za kolesteroli za jamii ya statini, tezi ya shingo ikifanya kazi kidogo. Na watu weusi CK yetu ya kawaida iko juu kidogo kuliko vipimo vya vitabuni, kwa hivyo kupanda kidogo peke yake si ugonjwa. Kipimo cha HIV na cha tezi vifanywe pia, maana HIV yenyewe yaweza kuleta mayositisi.

Baada ya hapo daktari ataamua kama wahitaji EMG yaani kipimo cha umeme wa misuli, MRI ya mapaja, au bayopsi yaani kukatwa kipande kidogo cha misuli au ngozi kikapimwe. Upele ukiwa wazi kabisa saa zingine bayopsi ya misuli haihitajiki.

Tahadhari: kuna dermatomayositisi isiyo na udhaifu. Upele upo, CK iko sawa, nguvu zipo. Nayo inafuatana na kansa pia, usirudishwe nyumbani na losheni.

Umefaulu ukiwa: faili lina jina la aina ya ugonjwa limeandikwa. "Mayositisi" peke yake haitoshi, uliza ni aina gani kabla hujatoka.

## Hatua ya 2: Steroidi, na kilichofaa kufanywa kabla ya tembe ya kwanza

Simwambii mtu acheleweshe matibabu. Misuli ikiharibika sana hairudi yote. Lakini damu ya kupima na eksirei ya kifua vinaweza kufanyika siku hiyo hiyo kabla hujaanza, na kuna sababu.

Moja, steroidi inatuliza kila kitu kwa muda. Limfoma, ile kansa ya matezi, inaweza kusinyaa ukinywa prednisoloni na bayopsi ikatoa jibu la utata. Kama una tezi imevimba shingoni, kwapani au una mtoki usioisha, mwonyeshe daktari kabla ya dawa.

Mbili, dozi kubwa inaamsha vilivyolala: TB, hepataitisi B, na ule mnyoo wa strongiloidi unaoingia kwa kukanyaga mchanga pekupeku, na sisi watu wa pwani tumekanyaga mchanga toka utotoni. Uliza vyote vitatu.

Kisha ile tabia ya kununua prednisoloni kemisti kwa kuhesabiwa kwenye bahasha ya kaki, naomba iishe. Unapata nguvu, unajiona umepona, huna daktari, hakuna anayekutafutia kansa. Na ukiacha ghafla baada ya kunywa wiki nyingi mwili unaweza kuzimika kwa sababu tezi zako za adrenali zimeshalala, hiyo dawa inapunguzwa polepole na mtu anayejua.

Kupata nafuu kwa steroidi hakuthibitishi kwamba kansa haipo. Hili ningeliandika ukutani kama ningeweza.

## Hatua ya 3: Paneli ya kingamwili, ukiweza

Kuna kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili za mayositisi, yaani silaha za kinga ya mwili zilizogeuka kuupiga mwili wenyewe. Majina yake yamekaa kama namba za gari lakini machache tu ndiyo muhimu kwako.

TIF1-gamma na NXP2: zikipatikana kwa mtu mzima hatari ya kansa iko juu. Inavyoelezwa, kansa changa huwa na protini zilizobadilika, kinga ya mwili inaanza kuipiga, kisha misuli inayojijenga upya na ngozi zinapigwa pamoja nayo kwa kufanana. SAE1, HMGCR, Mi-2 na MDA5 ziko katikati. Jo-1 na ndugu zake, pamoja na SRP, ziko upande wa chini kwenye mambo ya kansa. Chini kwenye kansa lakini si ugonjwa mwepesi, Jo-1 na MDA5 zinaweza kuharibu mapafu, na MDA5 yaweza kwenda mbio sana.

Kipimo cha ANA, kile cha jumla cha kingamwili, si mbadala wa paneli hii. Na mstari hafifu kwenye paneli si hukumu, unaweza kuwa wa uongo, lazima daktari aulinganishe na mwili wako.

Uliza maabara bei na muda kabla hujatolewa damu, maana sampuli inaweza kusafirishwa mbali. Huna pesa ya hii? Usikwame hapa. Hatua inayofuata inaweza kufanyika bila paneli na nitakuonyesha vipi.

## Hatua ya 4: Jua uko kundi gani la hatari

Mwaka 2023 wataalamu wa kimataifa wa mayositisi, kundi linaloitwa IMACS, walitoa mwongozo wa kupanga watu kwa hatari. Mimi naupenda kwa sababu unaweza kuufanya na kalamu.

Alama za hatari kubwa: dermatomayositisi, kingamwili ya TIF1-gamma au NXP2, ugonjwa ulianza ukiwa na zaidi ya miaka 40, ugonjwa hautulii hata kwa dawa, shida ya kumeza ya wastani au kubwa, ngozi kuoza na kufanya vidonda.

Alama za kati: dermatomayositisi isiyo na udhaifu, polimayositisi, ile aina ya misuli kufa, kuwa mwanamume, na zile kingamwili nne za katikati.

Alama za chini: kundi la Jo-1, mayositisi iliyochanganyika na ugonjwa mwingine kama lupasi, kuvimba viungo, vidole kubadilika rangi kwa baridi, ugonjwa wa mapafu ya kukakamaa.

Sasa hesabu. Alama mbili za kubwa au zaidi, uko kundi la juu. Moja ya kubwa, au mbili na zaidi za kati, uko kundi la kati. Wengine wote ni kundi la kawaida.

Chukua mfano wa mama wa miaka 52 wa Kisauni, ana dermatomayositisi ya upele na udhaifu. Alama ya kwanza ni ugonjwa wenyewe, ya pili ni umri. Ashaingia kundi la juu hapo hapo, kabla ya paneli, kabla ya chochote. Akiambiwa angoje pesa ya kingamwili ndipo atafutiwe kansa, anapotezewa wakati, pesa hiyo bora iende kwenye skani.

Chukua na kijana wa miaka 29 wa Changamwe mwenye polimayositisi. Polimayositisi ni moja ya kati, uanaume ni ya pili, yuko kundi la kati. Atapimwa, lakini hahitaji kufuatwa kila mwaka kama yule mama.

Umefaulu ukiwa: wewe na daktari wako mmekubaliana kundi na limeandikwa kwenye faili. Kama daktari hajausikia mwongozo huu usimfanyie kiburi, mwambie kwa adabu "daktari, nimesoma kwamba dermatomayositisi kwa umri wangu yafaa nitafutiwe kansa, naomba tupange pamoja". Madaktari wa rheumatolojia, wale wa magonjwa ya viungo na misuli, nchini ni wachache, mara nyingi utakuwa kwa daktari wa magonjwa ya ndani, na huyo anaweza kabisa kuifanya kazi hii.

## Hatua ya 5: Vipimo vya msingi, kwa kila mtu

Haijalishi kundi, hivi vyote hufanywa mwanzoni:

1. Maswali marefu na kukaguliwa mwili mzima. Kupungua uzito, jasho la usiku, kikohozi, damu kwenye choo au mkojo, damu baada ya ukomo wa hedhi, kansa kwenye ukoo, sigara.
2. Hesabu ya damu, vipimo vya ini, ESR au CRP ambavyo hupima uvimbe wa ndani mwilini.
3. Elektroforesisi ya protini za damu pamoja na minyororo myepesi, hii inatafuta kansa za damu kama mayeloma.
4. Mkojo.
5. Eksirei ya kifua.

Namba moja ndiyo inayofanywa kwa pupa kuliko zote na ndiyo ya bei rahisi kuliko zote. Matiti yaguswe, matezi yaguswe, tumbo libonyezwe, wanaume wakaguliwe tezi dume na korodani. Ukiulizwa mambo ya siri jibu ukweli. Nshaona wazee wa kiume wanaoficha kwamba wanakojoa damu kwa sababu binti yao yuko chumbani, basi mwambie binti akungoje nje.

## Hatua ya 6: Vipimo vya ziada, kwa kundi la kati na la juu

- CT skani ya shingo, kifua, tumbo na nyonga. Hii ndiyo nguzo. Mapafu, kongosho, ovari, matezi, vyote vyaonekana kwa kikao kimoja.
- Wanawake: mamografia yaani eksirei ya matiti, kipimo cha shingo ya kizazi, ultrasaundi ya nyonga na kipimo cha damu cha CA-125 kwa ajili ya ovari. Ovari isisahaulike, ni kati ya kansa zinazofuatana sana na dermatomayositisi na haitoi dalili mapema.
- Wanaume: PSA, kipimo cha damu cha tezi dume.
- Wote: kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo.

Mambo ya kufanya kabla ya CT: pimwa kreatinini, kipimo cha damu cha figo, maana dawa inayodungwa mshipani inapitia figo, sema kama una kisukari na wameza metformini, sema kama una mzio, na mwanamke aseme kama huenda ana mimba. Kunywa maji ya kutosha baadaye, kwa joto letu hili si jambo la kuambiwa mara mbili.

Malipo: uliza idara ya SHA ya hospitali kabla ya kupanga siku kama skani inahitaji idhini, na hakikisha fomu imeandikwa sababu ya kitabibu yaani dermatomayositisi na kutafuta kansa. Ukiandikiwa "chekapu" tu usishangae ikikataliwa. Mashine iko kwenye hospitali kadhaa hapa mjini Mombasa, za umma na za binafsi, bei zinapishana sana, piga simu tatu nne kabla hujapanda tuktuk.

Sasa kumeza. Mayositisi yenyewe inadhoofisha koo, kwa hivyo mgonjwa akisema chakula chakwama, kila mtu anasema ni misuli. Lakini Kenya ni kati ya nchi zenye kansa nyingi ya umio, na hiyo nayo inakwamisha chakula. Njia ya kutofautisha siyo kubahatisha. Chakula kikavu kikikwama chini kifuani na hali inazidi wiki kwa wiki mpaka unabaki na uji, omba endoskopi yaani kamera ya kupita kooni. Kwa watu wa kundi la juu ambao skani haikuonyesha kitu, endoskopi ya juu na kolonoskopi, kamera ya utumbo mpana, zinafaa kuzungumziwa hata bila dalili. Na ukiwa na pua kuziba upande mmoja, damu puani, sikio kuziba lisilopona au uvimbe shingoni, daktari wa masikio na pua akutazame nyuma ya pua kwa kamera.

PET skani, ile inayotumia sukari yenye mionzi kutafuta kansa mwili mzima, ni hatua ya baadaye. Inafikiriwa kwa mwenye dermatomayositisi, umri zaidi ya 40, TIF1-gamma na bado alama nyingine ya hatari, halafu vingine vyote vimetoka safi. Iko Nairobi, kwa mfano Aga Khan University Hospital na hospitali ya Kenyatta University. Ukipangiwa uliza masharti ya kufunga na ya sukari kabla hujakata tiketi ya treni ya SGR, usije ukafika ukarudishwa kwa sababu ulikunywa chai ya maziwa na mahamri njiani.

Tahadhari ya pesa: zile paketi za "alama za kansa" kumi kwa mpigo hazichukui nafasi ya CT. Zinapanda kwa mambo yasiyo kansa na zinakaa chini huku kansa ipo. CA-125 na PSA ziko kwenye orodha hapo juu kwa kazi maalumu, zilizobaki uliza daktari zitabadilisha nini kabla hujalipa.

Umefaulu ukiwa: una ripoti ya maandishi ya kila kipimo pamoja na CD ya picha. Picha bila ripoti haijamaliza kazi.

## Hatua ya 7: Fuata majibu mpaka mwisho wake

Hapa ndipo panapovuja. Kipimo kimefanywa, majibu yamelala kwenye kompyuta ya mtu, mgonjwa anafikiri wasingempigia simu kama si sawa. Kutopigiwa simu hakuna maana yoyote. Kwenye daftari lako chora safu tatu: kipimo, tarehe kilipofanywa, nani alinisomea majibu. Safu ya tatu ikiwa tupu kazi haijaisha.

Skani mara nyingi inaonyesha vitu vidogo visivyo na maana, kivimbe cha figo, doa dogo kwenye pafu. Uliza swali moja: "hiki chahitaji kurudiwa lini?" Jibu liandikwe.

Ikionekana kitu cha kushuku, kinachofuata ni bayopsi, siyo kuanza kukusanya michango ya India. Bila bayopsi hakuna anayejua inatibiwa vipi, huko wala hapa. Coast General, hospitali ya rufaa ya umma ya Mombasa, ina kitengo cha kansa, omba barua ya rufaa yenye mambo yote mawili, mayositisi na kilichoonekana, sababu daktari wa kansa anahitaji kujua dawa za kinga unazotumia. Na kuna habari njema kidogo hapa, mara nyingi kansa ikitibiwa upele na misuli vinatulia pia.

## Hatua ya 8: Kalenda ya miaka 3

Majibu safi ni safi ya siku hiyo. Kundi la juu warudie vipimo vya msingi, vile vya hatua ya 5, kila mwaka kwa miaka 3. Kundi la kati na la kawaida hawahitaji marudio ya mpango, lakini vile vipimo ambavyo kila mtu wa umri wake hufanya, shingo ya kizazi na matiti na kadhalika, viendelee.

Ingiza tarehe kwenye simu sasa hivi, miadi yote mitatu, na kwenye simu ya mtoto wako au mkeo pia. Ukifungamanisha na mwezi unaoukumbuka itakusaidia, wapo wanaofanya kila baada ya Ramadhani.

Usingoje tarehe ikitokea moja ya haya:

- upele au udhaifu umerudi kwa nguvu huku wameza dawa vizuri;
- uzito unashuka bila kujinyima, ule wa ukurasa wa kwanza wa daftari ndio wa kulinganisha;
- kumeza kumekuwa kugumu kuliko mwanzo;
- uvimbe mpya popote;
- damu mahali isipotakiwa;
- kikohozi zaidi ya wiki 2, ambacho pwani tunakiita TB moja kwa moja, na huenda ikawa TB kweli ukiwa kwenye steroidi, pimwa vyote viwili.

La kwanza kwenye orodha hiyo watu hulipuuza zaidi. Daktari anaongeza dozi, inatulia, inarudi, anaongeza tena. Mayositisi isiyosikia dawa ni alama ya hatari kubwa kwenye mwongozo wenyewe, rudi hatua ya 4 uhesabu upya, huenda ulikuwa kundi la kati na sasa uko la juu.

Ukibadilisha daktari au ukihama, faili linahama nawe. Daktari mpya ukimkuta mwaka wa pili ataona mtu mwenye nguvu zake, upele umefifia, dozi ndogo, na hatakuwa na sababu ya kufikiria kansa. Mfungulie ule ukurasa wenye tarehe na umwambie mwaka huu bado vipimo vya msingi havijarudiwa.